Kifo cha Foulata: Suala la Utu katika Mashimo ya Mfalme Sulemani

Mtu aweza kulifuta tusi katika maandishi yake na bado akaendelea kutukana. Katika kurasa za mwanzo za riwaya ya H. Rider Haggard, iliyochapishwa London mwaka 1885, msimulizi Allan Quatermain anaandika jina la dharau ambalo walowezi walizoea kuwaitia Waafrika, kisha anasita na kulikata, kwa kuwa halipendi. Anakiri kwamba amekutana na Waafrika waungwana, na vilevile Wazungu wenye mali wasio na uungwana wowote. Msomaji anayetarajia haki kutoka kwa msimulizi wa namna hiyo hawezi kulaumiwa.

Foulata ni binti wa Wakukuana, taifa la kubuni. Anaokolewa asiuawe katika ngoma ya mfalme Twala, kisha anamuuguza John Good, baharia Mwingereza, bila kuchoka, na mapenzi yanazuka baina yao. Hapo mwandishi amejitia katika shida: Good atarudi kwao na nani? Msuko unapata jibu pangoni. Foulata anamng'ang'ania ajuza Gagool asiwafungie wageni ndani, anachomwa kisu, na anapokata roho anatamka mwenyewe kwamba ni heri afe, maana weusi wake na weupe wa mpenzi wake haviwezi kukaa nyumba moja. Baadaye Quatermain anakiona kifo hicho kuwa ni bahati, kwa vile kimewaepusha na matatizo. Neno lililokatwa mwanzoni limerudi kama tukio, na tukio halifutiki kwa kalamu.

Inafaa kuitazama hali hii kando ya hoja ya Chinua Achebe. Katika mhadhara wake wa mwaka 1975 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, Achebe alionyesha jinsi Waafrika wa Joseph Conrad walivyonyimwa usemi karibu kabisa. Foulata hakunyimwa. Amepewa usemi, tena usemi mtamu, ili ajihukumu. Ukimya wa wahusika wa Conrad angalau unamwachia msomaji nafasi ya kudhani kwamba wana yao moyoni. Foulata amenyang'anywa hata nafasi hiyo.

Jambo hili linawagusa wasomaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Riwaya ilifasiriwa na Frederick Johnson mwaka 1929, naye mwaka uliofuata akawa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyosimamia usanifishaji wa Kiswahili. Vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Afrika Mashariki viliisoma, na wengi waliifurahia, jambo ambalo si la kuonea haya kwani Haggard ni fundi wa kusuka kisa. Lakini usimulizi ni wa nafsi ya kwanza. Mtoto wa Kiafrika aliyesoma kwa sauti darasani alitamka "mimi" ya Quatermain, na watu wa rangi yake wakawa "wao".

Utetezi uliozoeleka ni kwamba Haggard alikuwa mtoto wa zama zake. Utetezi huo ungekuwa na uzito lau riwaya yenyewe isingeukanusha. Mwandishi yuleyule, aliyefika Natal mwaka 1875 akiwa na miaka 19, alimuumba Ignosi: mfalme mwenye hadhi, anayewalaumu rafiki zake Wazungu kwa kupenda mawe yanayometa kuliko urafiki, na kuapa kwamba wafanyabiashara wa bunduki na pombe hawatakanyaga nchi yake. Basi Haggard aliweza kumwona Mwafrika akiwa mtu kamili. Alimwona hivyo maadamu anabaki ng'ambo ya milima na hadai ukwe.

Katika sura ya mwisho inakuja barua kutoka Uingereza. Good bado anamlilia Foulata, na tangu arudi hajaona mwanamke wa kumfikia kwa umbo wala kwa utamu wa sura. Majonzi hayo hayamtatizi mtu yeyote. Foulata yuko pangoni, nyuma ya jiwe.