Hapo Tu

Kati ya safari zote nilizoendesha Nairobi, ile ninayoionea aibu zaidi ilinipa nyota tano.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Simu ililia nikiwa karibu na River Road: abiria yuko Tea Room, anaenda Kenya National Theatre. Aliyeitisha gari akanipigia hapo hapo. "Dere, si mimi nabebwa, ni shosho yangu. Ametoka ushago na matatu ya Embu. Ana leso ya kijani na kiondo. Mfikishe tu, msichana wetu anacheza densi leo." Yeye mwenyewe alikuwa kazini Industrial Area na hangetoka mpaka jioni.

Nilimwona kabla sijamwita. Alikuwa amesimama katikati ya makanga na mikokoteni kama mtu aliyejikinga mvua, anangoja ipite. Alipoketi akanisalimia kwa Kiswahili kilichovaa lafudhi ya Kimbeere kutoka neno la kwanza hadi la mwisho, na nikajua ni mtu wa kwetu. Mimi ni wa Kiritiri. Nimezaliwa huko, mamangu bado yuko huko. Ningemjibu kwa lugha yetu angefurahi, angeniuliza mimi ni wa nani, na kabla hatujafika Moi Avenue tungekuwa tumeshapata shangazi tunayemjua sote. Nilimjibu kwa Kiswahili cha Nairobi, chap chap. Ukishakuwa mtoto wa fulani safari inaingia mambo mengi, na mimi siku hiyo nilikuwa nahesabu safari.

University Way ilikuwa imeganda. Kuingia Harry Thuku Road ilibidi nikate kulia mbele ya magari yanayokuja, na hakuna aliyekuwa anamwachia mwenzake nafasi. Dakika kumi tulisonga labda urefu wa mabasi mawili. Kisha simu ikalia tena: abiria Ngara, anaenda Westlands, bei nzuri. Nikasogea kando, upande wa Anniversary Towers.

"Shosho, ni hapo tu. Vuka barabara, ingia ile njia, utaona theatre mkono wako wa kushoto."

Akasema asante mwanangu. Nilimfungulia mlango, nikampa kiondo chake, nikabonyeza kumaliza safari. Nyota tano ziliingia kutoka Industrial Area kabla sijatoka kwenye foleni.

Saa kumi kasorobo yule mjukuu alinipigia. Sauti ilikuwa imebadilika. "Dere, shosho ulimshusha wapi? Hajafika. Mulika mwizi yake imezima."

Nilimpata palepale. Hakuwa amesonga hata hatua kumi. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa bustani ndogo, kiondo mapajani, anaangalia magari. Nikaanza kumwaga msamaha, naye akanitazama bila hasira yoyote, kama mtu anayeshangaa kelele zinatoka wapi.

"Si ulisema ni hapo tu? Nilijua umeenda kutafuta pa kuweka gari."

Sentensi hiyo nimekaa nayo muda mrefu sasa. Ukitaka kuielewa, inabidi ujue "hapo tu" ina maana gani kwetu. Kiritiri hatuna namba za nyumba. Mtu anakaa baada ya boma la fulani, kabla ya korongo, pale mama Wanja alikuwa akiuza maharagwe. Dereva wa Probox akikuambia ni hapo tu, anamaanisha mmekaribia na kazi yake bado haijaisha. Atapiga honi, mtu atoke nyumbani, waulizane habari za mvua, ndipo ageuze gari. Mimi mwenyewe nikiwa mdogo niliwahi kutumwa Embu peke yangu kwenye matatu, na mamangu alimwambia dereva maneno machache tu: nimekupa huyu mtoto, umpe babake. Dereva hakunishusha stendi. Alinishika mkono mpaka baba akaonekana, na nakumbuka alivyokasirika baba alipochelewa.

Na usidhani ni kwa sababu watu wa mashambani wana roho nzuri kuliko wa mjini. Tuna vituko vyetu, hasa barabarani. Lakini hata muguka unafikishwa. Majani yale yakinyauka ni hasara, kwa hiyo kila gunia lina mtu anayelingojea kwa jina, usiku wa manane, awe Nairobi au Pwani. Mei 2024, magavana wa Mombasa na Kilifi walipoipiga muguka marufuku, huku Mbeere swali lilikuwa moja tu: mzigo utafika? Sijawahi kusikia dereva wa muguka akimwambia mteja, nimeuacha ng'ambo ya barabara, vuka uuchukue.

Kiswahili chenyewe kinatofautisha. Kushusha kunahitaji gari na mahali pa kusimama, basi. Mchanga hushushwa, mawe hushushwa. Kufikisha kunamhitaji mtu awe amefika, na huwezi kusema umemfikisha mtu wakati yeye bado anauliza njia. Mjukuu alisema mfikishe. Programu iliandika nimemshusha. Nililipwa kwa neno la pili.

Nilimsimulia jamaa mmoja tunayeegesha naye Ngara, akacheka. "Wewe ni dere ama ni mjukuu?" Nilidhani ni mzaha, kumbe alikuwa ananipa hoja, na ni hoja nzito. Nauli inalipa kilomita na dakika. Kampuni inakata kamisheni yake, ambayo kanuni za 2022 zinasema isizidi asilimia 18, kisha mafuta, kisha mkopo wa gari. Kuegesha, kumvusha mtu barabara, kutembea naye hadi mlangoni: hizo ni dakika ishirini ambazo hakuna anayezilipa, na gari linaweza kufungwa pingu na kanjo ukiwa unasaidia watu. Kama jamii inataka shosho wafikishwe, alisema, jamii ilipe. Kwa nini wema wote utoke kwa mtu mwenye deni?

Nikamkumbusha Msamaria Mwema, ile hadithi kila mtu aliyepita Sunday school anaijua. Akasema Msamaria alikuwa na dinari mbili za ziada. Ni kweli. Lakini tukiwa bado tunabishana nikagundua kitu ambacho mahubiri mengi huruka: Msamaria naye aliondoka. Alimpandisha majeruhi kwenye mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, kesho yake akalipa na kwenda zake. Hakuna anayemlaumu, kwa sababu alimwacha mikononi mwa mtu, akamwambia huyo mtu kwamba akirudi atalipa zaidi. Nikafikiri nimepata jibu: si lazima umbebe abiria hadi mwisho wa dunia, ila usimwache mahali ambapo hakuna wa kumpokea. Kama muguka.

Jibu hilo lilinidumu wiki tatu hivi.

Usiku mmoja nilimbeba dada mmoja kutoka Alliance Française, shoo imeisha, hadi Roysambu. Pini yake ilikuwa kwenye duka lililofungwa, giza totoro. Nikamwambia, siwezi kukuacha hapa, niambie geti ni gani nikufikishe. Akasema hapa ni sawa. Mimi na wema wangu mpya nikasisitiza: hapana, ni usiku, ngoja nikupeleke mpaka mlangoni. Nikamwona kwenye kioo. Mkono ulikuwa tayari kwenye kitasa. Hakuwa anaogopa giza, alikuwa ananiogopa mimi. Lile duka alikuwa amelichagua ili mwanamume asiyemjua asijue anakolala. Nilisimama pale pale, akashuka, na akangoja mpaka nikageuza gari na kuondoka ndipo akaanza kutembea.

Yeye kuachwa mbali na mlango ndiko kulikuwa kufikishwa. Shosho kuachwa mbali na mlango kulikuwa kutupwa. Dereva ni yule yule, mji ule ule, na kanuni yangu ya Msamaria ingekuwa sahihi kwa mmoja na tisho kwa mwingine.

Watu wakisikia hadithi ya shosho husema tatizo ni simu, kwamba madereva wa siku hizi hatujui njia. Hutaja London, ambako madereva wa teksi nyeusi tangu 1865 hufanya mtihani wa kukariri mitaa yapata 25,000 ndani ya maili sita kutoka Charing Cross, na utafiti wa mwaka 2000 uliokuta kwamba sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu za mahali imepanuka vichwani mwao. Sawa, lakini mimi njia niliijua. Natoka Tea Room hadi National Theatre macho yamefumba. Hakuna mtihani wa London ambao ungeninasa siku ile.

Kilichokosekana ni swali. Fikiria vizuri: mjukuu aliweka pini, simu ikachora njia, mimi nikachagua pa kusimama, na nyota zikatolewa na mtu ambaye hakuwa ndani ya gari. Katika mambo yote hayo hakuna aliyemuuliza shosho neno moja. Zamani teksi ilibidi ikuulize unashukia wapi, na ukijibu "pale mbele" ilibidi iulize tena, mbele wapi. Ilikuwa kero. Lakini ndani ya kero hiyo abiria alikuwa anasema mwenyewe kufika kwake ni wapi. Pini ilituondolea kero ikabeba na swali, na mimi sijawahi kusikia abiria au dereva akililalamikia hilo.

Natamani ningeishia hapo, maana hapo lawama ni ya mashine. Lakini najua ningemuuliza shosho kwa Kiswahili changu cha haraka, "hapa ni sawa?", angesema ni sawa mwanangu. Watu wa umri wake hawampi kijana usumbufu. Ili jibu la kweli litoke, ilibidi nimuulize kwa Kimbeere, niwe mtoto wa fulani, naye aweze kuniambia bila aibu kwamba barabara kama hii hajawahi kuivuka. Na mimi nilijua hivyo. Ndiyo sababu nilinyamaza.

Huwa tunasema mtu halaumiwi kwa asichokijua. Je, asichokijua kwa sababu aliziba masikio? Nilisikia lafudhi, nikaelewa nikiijibu itanidai kitu, nikachagua kuwa mgeni. Kuna ugeni tunaozaliwa nao katika mji mkubwa, hauepukiki, huwezi kuwa ndugu ya watu milioni nne. Na kuna ugeni mtu anaouvaa makusudi, kama koti, dakika anapoona mtu anayeweza kumuomba msaada. Huu wa pili nimekuwa nikiuona kila mahali tangu siku ile. Kwenye lifti, kwenye foleni ya M-Pesa, kwenye simu za binamu tusizopokea.

Siku ile niliwaachia kanjo gari langu wafanye watakavyo, nikamshika shosho mkono, tukavuka. Safari hii nilizungumza Kimbeere. Alisimama katikati ya barabara, kwenye kile kisiwa, akanitazama juu mpaka chini, akauliza mimi ni wa nani. Nikamwambia. Akamjua nyanya yangu, bila shaka.

Tukiwa tunapanda Harry Thuku Road akauliza huyo Thuku ni nani aliyepewa barabara. Nikamweleza nilichokijua: kwamba Machi 1922 alikamatwa, watu wakaja sehemu hizi hizi kudai aachiliwe, na wanaume walipoanza kusitasita, mama mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akawakemea, akaongoza umati mbele. Polisi wakafyatua risasi, wakafa watu zaidi ya 20, naye miongoni mwao.

"Na walimpata huyo mtu wao?"

"Hapana, shosho. Alipelekwa Kismayu. Aliachiliwa mwishoni mwa 1930."

Alitembea kidogo kimya. "Walingoja sana," akasema.

Tulifika National Theatre kundi la msichana wao likiwa limeshacheza. Walikuwa wa kwanza jukwaani. Alitoka nje na rangi bado usoni, mkufu wa shanga shingoni, amelia, na nilijiandaa kwa maneno ambayo yangenistahili. Shosho alimkumbatia, kisha akanivuta kwa mkono nije karibu.

"Huyu ndiye dereva aliyenileta," akamwambia. "Ni mtoto wa kwetu Kiritiri. Tulichelewa kwa sababu alikuwa anatafuta pa kuweka gari."

Mpaka leo sijui kama aliamini hivyo au alinisitiri. Msichana aliniambia asante. Sikumsahihisha.