Choo cha Boti Hakitaki Haraka

Wanangu mnaoanza ubaharia kwenye boti za starehe za Kilifi, Mtwapa na Tanga, tanga, nanga na injini mmefunzwa. Nisikilizeni na kuhusu choo, maana safari nyingi huharibikia hapo.

Bomba la choo cha boti kwa kawaida lina upana wa milimita 38 tu. Mita moja yake hubeba zaidi ya lita moja ya maji. Kama kutoka bakuli hadi tangi la maji taka ni mita tatu, usipopitisha lita tatu na ushei, uchafu haujafika; umelala njiani. Mgeni atapampu mara tano, ataona bakuli jeupe, atafunga mlango. Bakuli jeupe si ushahidi. Funga njia ya maji ya bahari, mimina lita moja ndani ya bakuli, uhesabu unapampu mara ngapi hadi iishe. Ukishajua hesabu ya boti yako, mwambie kila mgeni kabla hamjang'oa nanga. Mwambie pia kwamba tishu za maji, pedi na nywele haziingii humo, hata pakiti iandikwe kwamba zinayeyuka. Msione haya. Mweke pipa lenye kifuniko, mlimwage kila asubuhi.

Adui mwingine haonekani. Mkojo ukikutana na maji ya chumvi hujenga gamba la chokaa ndani ya bomba, kama lile la birika linalochemshiwa maji ya kisima. Bomba huzidi kuwa jembamba, na valvu ya mpira hukakamaa isifunge tena. Dawa yake ni siki: kila wiki pampu kikombe kimoja hadi kiingie bombani, kilale usiku kucha. Zile dawa kali za kuzibua mabomba ya nyumbani msizitie, zinakula mpira.

Sasa linalonitia hofu kweli. Kila tangi lina mrija mwembamba wa kupumulia unaotokeza ubavuni mwa boti. Chumvi na uchafu vikiuziba, hewa ndani ya tangi hubanwa kila mnapopampu. Mkono wa pampu ukiwa mzito, acheni papo hapo. Anayelazimisha hupasua bomba, na anayefungua kifuniko cha tangi kilicho sitahani kwa pupa hurukiwa usoni. Kifungueni polepole, mkisimama upande wa joshi.

Tena tangi lisilopata hewa huzalisha gesi inayonuka kama yai viza, nayo inaua. Ikizidi, huua kwanza uwezo wa pua, kwa hiyo harufu ikipotea ghafla usidhani hewa imekuwa safi. Asiingize mtu kichwa tangini kutafuta kilichoziba. Mwenzako akianguka humo, usimfuate. Piga kelele, ita watu wenye vifaa vya kupumulia.

Wala msifungulie tangi limwagike horini ili kukwepa kazi. Meli kubwa zinazobanwa na mkataba wa MARPOL haziruhusiwi kumwaga maji taka ghafi zikiwa ndani ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu. Boti yenu ni ndogo, lakini hori nalo ni dogo, na watoto wa watu wanaogelea humo.

Kabla ya wageni kupanda leo, nendeni ubavuni mkautazame mrija wa pumzi. Ukiwa umeziba, uzibueni kwanza; safari itangoja.