Akiba ya Ada, Dhamana za Serikali na Swali Nililolijibu Haraka Mno



Naanza na hesabu, kwa kuwa suala lenyewe lilinijia kwa sura ya hesabu. Mwishoni mwa likizo tulikuwa wanafunzi wanane, ndugu watano na dada watatu, wote tukiishi Ntinda na vitongoji vyake. Kila mmoja alikuwa na shilingi 750,000 alizozichuma likizoni: huyu kwa boda, yule kwa kuuza viatu sokoni, mimi kwa kusomesha watoto madrasa. Ilikuwa fedha ya awamu ya pili ya ada, ambayo isingedaiwa mpaka baada ya miezi minne. Tunajijua, fedha ikikaa kwenye simu haifiki mwezi wa pili. Basi tukaziweka pamoja, jumla 6,000,000, na wenzangu wakanipa mimi uweka hazina. Nadhani ni kwa sababu nasoma masomo ya Kiislamu na walitaraji kwamba nitaogopa zaidi.

Wiki haikuisha, ndugu mmoja anayesoma uhasibu akaja na wazo. Kwa nini fedha ilale? Ipo mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ile ambayo mtaani huitwa yuniti trasti, inayosimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Unanunua vipande leo, unaviuza ukihitaji fedha, na unaipata baada ya siku chache. Kama mfuko ungelipa asilimia 10 kwa mwaka, miezi minne ingetupa kiasi cha shilingi 200,000. Kisha akaongeza jambo lililofanya wazo lake liwe gumu kukataa: faida tusigawane, bali tumwekee yule atakayepungukiwa siku ya kulipa.

Wote wakanitazama. Nikasema, "Hiyo ni riba," nikafunga daftari. Jawabu langu halikuchukua hata dakika moja.

Miezi minne ikapita. Fedha ilikuwa salama yote, shilingi kwa shilingi. Lakini dada mmoja alipungukiwa na 180,000, kwa sababu mama yake aliugua na sehemu ya matumizi yake ikaenda kwenye dawa. Alichelewa kusajiliwa na akakosa jaribio moja kabla hatujamchangia. Hakunilaumu mbele za watu. Aliniambia tu, tulipokuwa tukitoka msikitini baada ya Alasiri: "Kaka, ucha Mungu wako niliulipia mimi."

Maneno hayo ndiyo yaliyonirudisha kwenye vitabu. Sikurudi ili nibadilishe hukumu. Nilitaka kujua kama nilikuwa nimeielewa.

Kwanza tuitazame fedha yenyewe inakokwenda. Mfuko wa namna hii hukopesha sehemu kubwa ya fedha zake kwa Serikali kwa kununua dhamana za muda mfupi, za siku 91, 182 na 364, ambazo Benki Kuu ya Uganda huziuza kwa mnada. Nyingine huwekwa benki kwa muda maalumu. Dhamana hiyo hununuliwa kwa bei pungufu: unatoa, tuseme, 95,000, na siku yake ikifika unalipwa 100,000. Kwa macho inafanana na biashara, kwa kuwa kuna bei, kuna mnunuzi na kuna muuzaji. Lakini ukiuliza ni bidhaa gani iliyouzwa, huioni. Ni fedha ya leo kwa fedha nyingi zaidi ya kesho, na nyongeza imekwisha kukadiriwa tangu mwanzo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Jeddah mwaka 1990 lilisema hivyo kuhusu hatifungani zinazoahidi kurudisha mtaji pamoja na nyongeza: ni mkopo wenye riba, hata ikiwa mkopaji ni Serikali na hata nyongeza ikiitwa jina jingine.

Si wote waliokubali. Suala la akiba ndogo mikononi mwa Serikali ni la zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, Posta ya Misri ilipoanzisha mfuko wa akiba, wako Waislamu waliokataa kuichukua faida yake, na mjadala ukawafikia Muhammad Abduh na mwanafunzi wake Rashid Rida. Mwaka 1989 Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, akiwa Mufti wa Misri, alitoa fatwa ya kuruhusu vyeti vya uwekezaji. Hoja ya upande huo haistahili kudharauliwa. Riba iliyokemewa, wanasema, ni ya tajiri kumkamua mwenye shida. Hapa mambo yamegeuka: mkopeshaji ni mwanafunzi wa Ntinda na mkopaji ni dola. Nani anamdhulumu nani?

Nililikalia swali hilo siku nyingi, na jawabu nikaliona barabarani. Dola haina mfuko wake mbali na sisi. Malipo ya riba ya deni la Serikali ni fungu kubwa katika bajeti yetu, na bajeti hulipwa na mama anayenunua sabuni sokoni na kijana wa boda anayelipa kodi ndani ya kila lita ya petroli. Basi nyongeza yangu ingetoka kwa mtu, ila nisingemwona uso. Nakiri kwamba fedha hizo za mkopo hujenga barabara na madarasa tunayoyatumia sote. Lakini manufaa ya mkopo hayakuwa hoja ya kuhalalisha riba hata kwa mkopaji mmoja mmoja. Naye pia huenda alijenga nyumba.

Hoja nzito zaidi kwangu ilikuwa ya kupanda kwa bei. Benki Kuu yetu yenyewe hulenga mfumuko wa asilimia 5 kwa mwaka. Na wazee wetu wanakumbuka mwaka 1987, fedha ilipobadilishwa, sifuri mbili zikaondolewa na asilimia 30 ikakatwa kama kodi. Fedha iliyolala hupungua, na hilo ni kweli. Lakini kwa akiba ya miezi minne upungufu huo ni mdogo, na ada yenyewe imetajwa kwa shilingi. Anayedaiwa 750,000 anahitaji 750,000, wala hadaiwi thamani yake ya mwezi wa kwanza.

Hapo nikafika kwenye kanuni ambayo kila mwanafunzi wa fiqhi huihifadhi mwaka wa kwanza, nami nilikuwa nimeihifadhi bila kuitumia: pato hufuata dhamana. Asili yake ni hukumu ya Mtume (S.A.W.), iliyopokewa na Abu Dawud, kuhusu mtumwa aliyenunuliwa, akatumika, kisha akarudishwa kwa aibu iliyogunduliwa. Muuzaji alidai pato la siku zile. Likahukumiwa kuwa la mnunuzi, kwa sababu laiti mtumwa angekufa mikononi mwake, hasara ingekuwa yake.

Zubayr bin Awwam (R.A.) aliielewa kanuni hii kwa matendo. Sahih Bukhari inasimulia kwamba watu walimletea fedha wamwekee amana, naye akawaambia ziwe mkopo kwake, kwa kuchelea zisipotee. Amana ikipotea bila uzembe, mtunzaji halipi. Mkopo lazima ulipwe. Basi akabeba dhamana, na alipokufa mwanawe Abdullah alikuta deni la 2,200,000, akauza ardhi na kulipa kila mtu. Waliomwekea walirudishiwa fedha zao zikiwa salama bila nyongeza.

Nikaigeuza kanuni hiyo kwetu sisi wanane. Je, tulikuwa tayari kupoteza sehemu ya ile 6,000,000? Hapana. Hata nusu yake isingewezekana, maana ilikuwa ada. Hili linajibu pia lile la kuipeleka kwenye biashara ya mudharaba. Njia hiyo ipo sasa: sheria ya taasisi za fedha ilirekebishwa mwaka 2016, na Salaam Bank ikapata leseni ya benki ya Kiislamu mwaka 2023. Lakini mudharaba wa kweli unaweza kula hasara. Basi fedha isiyoruhusiwa kupungua haina haki ya kudai kuongezeka. Kazi ya akiba ya muda mfupi ni kuwepo siku yake ikifika.

Na lile la kumpa faida mwenye shida? Wanazuoni wengi wa zama hizi humwambia aliyeingiliwa na riba benki aitoe kwa maskini, ajisafishe. Kujisafisha na kilichokuangukia si sawa na kukiendea kwa makusudi. Kwa hiyo hukumu yangu ya dakika moja ilikuwa sahihi, na mpaka leo nasimama nayo.

Lakini maneno ya dada yangu nayo ni sahihi.

Fungua Suratul Baqara uone aya za riba zimekaa wapi. Kabla yake, kuanzia aya ya 261, ni kurasa za kutoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Katikati yake, aya ya 280, ni amri ya kumpa muda mdaiwa aliyekwama. Baada yake, aya ya 282, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ni namna ya kuandika deni na kushuhudisha. Katazo halikuteremka peke yake. Mimi nilichukua aya moja, nikaacha jirani zake. Nilipofunga daftari siku ile, nilifunga mlango mmoja wa fedha bila kufungua mwingine, na gharama nikamwachia yule ambaye mama yake angeugua.

Anayesema "ni riba" amejitwika wajibu. Nilipaswa palepale kusema: kila mmoja wetu atenge 25,000 iwe fungu la kardhi hasana, jumla 200,000, kiasi kilekile ambacho mfuko ungetupa. Tungelia kidogo, lakini tungeweza. Muhula huu tumeanza hivyo. Mkopo hauna nyongeza, unaandikwa, na una mashahidi wawili. Dada yule ndiye mweka hazina wa fungu hilo, kwa ombi langu.

Ndugu zangu, katika jumuiya yetu tunajua sana kuwaonya wenzetu wasiingie yuniti trasti. Kabla ya onyo lijalo, tujiulize: huyu tunayemzuia, akipungukiwa siku ya usajili, atagonga mlango wa nani?

Wallahu a'lam, wabillahi tawfiq.