Samaki Mbichi, Seli Hai

Methali ya samaki imehalalisha mengi. Samaki mkunje angali mbichi. Basi fimbo, kunyimwa chakula, kazi nzito za utotoni, vyote vikapata hadhi ya malezi. Aliyepitia hayo hujisifu kwamba yamemkomaza, na ukimwomba ushahidi hujionyesha yeye mwenyewe, amesimama. Siku hizi hoja hiyo inajikinga kwenye sayansi: hata seli, wanasema, huimarika kwa kuvutwa. Nataka kuipima kwa haki, maana nusu yake ni kweli.

Mwaka 2000 watafiti wa Ujerumani, akiwamo Thomas Eschenhagen, walichapisha matokeo ya jaribio la kutunza moyo mdogo usio na mwenyewe. Walichukua seli za moyo za vifaranga ambao hawajaanguliwa, na za panya wachanga, wakazichanganya na kolajeni hadi zikajisuka kuwa tishu inayodunda yenyewe. Kisha wakaifunga kwenye mashine ya kuivuta na kuiachia, kuivuta na kuiachia, mara 90 kwa dakika, kwa siku 6. Tishu zilizovutwa zilijikaza kwa nguvu mara 2 hadi 4 kuliko ambazo hazikuvutwa.

Seli ina namna ya kuhisi haya. Kwenye utando wake kuna protini ambazo hufunguka kama vilango utando unapovutwa. Ardem Patapoutian, ambaye kundi lake liligundua mbili kati ya hizo, Piezo1 na Piezo2, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na David Julius.

Mimi nalishika neno moja tu katika jaribio lile: kuiachia. Kila mvuto ulikuwa na mwisho wake, sehemu ya sekunde baadaye. Kipimo kilichaguliwa, kati ya asilimia 1 na 20 ya urefu, na wakati wote tishu ilikuwa imelowa katika chakula chake. Ukimwona mlezi wa namna hiyo, nionyeshe. Moyo wa mtu mwenye shinikizo la damu lisilotibiwa nao hunenepa kwa mzigo, ila haupumzishwi, na baada ya miaka huweza kushindwa kabisa. Kunenepa ni kulekule kwa macho ya haraka. Jaribio la siku 6 haliwezi kujibu swali la miaka 20.

Isitoshe, kuvutwa hakuleti nguvu peke yake. Mwaka 2010 kundi la Donald Ingber kule Harvard lilitangaza pafu dogo ndani ya kipande cha plastiki laini: seli za pafu upande mmoja wa utando, seli za mishipa ya damu upande wa pili, na utando wenyewe ukinyooshwa kama kifua kinachopumua. Walipoliwekea vumbi laini sana la silika, seli zilizokuwa zikinyooshwa ziliumia zaidi kuliko zilizotulia. Mnyoosho uleule uliozifanya zifanane na pafu halisi uliwafungulia wageni mlango.

Na kuna hesabu ambayo wasifia fimbo huiruka. Tishu iliyokatika haina nguvu ya kupimwa. Shule ya msingi tulichapwa sote. Ninaowasikia leo wakiishukuru fimbo ni wale waliomaliza. Waliokimbia darasa la tano sijasikia mtu akiwafuata kuwauliza.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni samaki mwenyewe. Yule wa methali amekufa. Unamkunja, anabaki alivyokunjwa, hakuna kilichojibu. Seli hujibu, na huweka kumbukumbu. Mwaka 2014 kundi la Kristi Anseth, Colorado, lililaza seli shina za binadamu kwenye kitanda kigumu, kisha wakazihamishia kwenye jeli laini. Hapo hakuna mashine ya kuvuta. Seli yenyewe hujishikiza na kuvuta, na kitanda kigumu hukataa kusogea. Zilizokaa kwenye ugumu kwa muda mfupi zilirejea hali yao zilipofika kwenye ulaini. Zilizozidi kiwango fulani hazikurejea. Zilikuwa zimeshalazwa kwenye jeli, na ndani yake protini zilezile za kitanda kigumu ziliendelea kufanya kazi.