Je, Ni Haki Kuwaficha Ndugu Hali Yetu?



Kila mwaka mvua zinapokwisha kule Kivu ya Kusini, sisi tuliotoka upande wa Uvira husikia mioyo ikivutwa kwenda kwetu. Kiangazi ndicho wakati wa kuonana. Njia zimekauka, watoto wamefunga shule, harusi zilizongojea zinafungwa. Na usiku usio na mwezi, taa za wavuvi wa ndakala hujaa juu ya Ziwa Tanganyika hata ungedhani kuna mji mwingine huko majini. Aliyezaliwa pale hasahau.

Kiangazi cha mwaka 2019 tulikwenda, pasta wenu na mama mchungaji, tukakaa majuma matatu. Tulikuwa tumekimbia mwaka 1998. Wako waliotuuliza kama mkimbizi anayekwenda kusalimia kwao bado ni mkimbizi. Hilo tunawaachia wanasheria. Swali linalotusumbua sisi ni jingine: ukifika nyumbani baada ya miaka 21, ndugu wakakuuliza unaishije, unapaswa kuwaambia?

Tuseme kwanza yale tuliyoyafanya. Kabla ya safari tulikopa pesa za likelemba. Tulinunua suti, vitenge vya shemeji zetu, viatu, sukari na sabuni. Watu ambao hapa Nakivale hupanga mstari kungojea mgao walishuka kwenye gari kama wafanyabiashara. Walipouliza, tulisema, "Mungu ni mwema, tumejenga." Ni kweli tumejenga: vyumba viwili vya udongo, na juu yake turubai.

Ndugu zetu nao walituchinjia mbuzi. Tulikula bugali wa muhogo na sombe na nyama kila siku, hata tukawaza kwamba waliobaki wameneemeka kuliko sisi tuliokimbia. Baadaye sana ndipo tulipopata habari kwamba mbuzi yule alikuwa wa jirani, na deni lake lilimaliza mwaka mzima. Basi kiangazi kile tulikaa pamoja, wenye deni upande huu na wenye deni upande ule, kila mmoja akimwonea mwenzake wivu.

Wahenga walisema mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu hakuna aliyetupa jembe, wala sisi hatukuliomba. Pengine kama tungelima pamoja asubuhi moja, ukweli ungetoka wenyewe.

Mmoja tu alijaribu kuufungua. Ni rafiki yetu wa tangu shule ya msingi, tuliyeketi naye dawati moja. Jioni moja alitupeleka ufukweni, akatueleza bila kuulizwa kwamba nyavu zake ziliibiwa, na watoto wawili wamekaa nyumbani kwa kukosa pesa za shule. Kisha akauliza, "Na ninyi kule, mnalala salama? Mnashiba?" Alikuwa ametutangulia kuvua viatu ili nasi tuvue. Tulimjibu kwamba tunamshukuru Mungu. Akatazama taa za wavuvi, hakuuliza tena. Kati ya yote ya safari ile, jibu lile ndilo linalotuamsha usiku.

Tazameni jinsi Biblia inavyoonyesha watu wanaorudi kwao. Yakobo alikuwa amekaa ugenini miaka 20. Alipokaribia kwa Esau aliogopa, akatanguliza wanyama zaidi ya 500, kundi baada ya kundi. Esau alikuja mbio, akamkumbatia, wakalia, ndipo akauliza makundi yale yote ni ya nini. Naomi alirudi Bethlehemu baada ya miaka kama 10, akiwa amezika mume na wana wawili. Wanawake wa mji walishangaa kama kweli ni yeye. Naye hakutengeneza uso. Aliwaambia waziwazi kwamba alitoka akiwa na vingi na sasa amerudi mikono mitupu. Kwa kuwa mji wote ulijua hali yake, Ruthu alipokwenda kuokota masazo ya shayiri hapakuwa na wa kushangaa. Sisi tulirudi kama Yakobo, tena kwa wanyama wa kukopa.

Tunajua mtajibu nini, maana mama mchungaji alitujibu hivyo hivyo. Mama yetu mzazi alikuwa mzee na mgonjwa. Je, tungemwambia kwamba kuna siku wajukuu wake hulala na uji mtupu? Hata wakunga wa Misri walimficha Farao ili watoto waishi. Tunakubali. Kwa mama mzee hatujutii tulivyonyamaza. Alikufa akiamini tumeshiba, na hakuna aliyeumia kwa imani yake ile.

Lakini si kila anayekuuliza ni mama mzee. Mwingine anauliza kwa sababu ana uamuzi mkononi. Huyo ukimdanganya, umemwibia, hata kama hukutaka chochote chake. Tunaona hapo ndipo mpaka ulipo. Uchungu wako ni mali yako, unaweza kuufunika ukipenda. Lakini habari ambayo mtu ataitumia kuuza au kuhama ni haki yake, na ukimnyima umemdhulumu.

Hatukulipata hilo katika vitabu vya chuo cha Biblia. Mwaka 2022 mtoto wa mdogo wetu aliuza sehemu yake ya shamba la mihogo katika bonde la Ruzizi, akaja hapa na mfuko mmoja. Mgao ulikuwa umeanza kupunguzwa tangu mwaka 2020, na mwaka 2023 familia zikagawanywa katika makundi, nyingine zikaondolewa kabisa. Alisimama mlangoni, akatazama turubai. "Baba mkubwa," akasema, "ndipo hapa?"

Hakutulaumu, wala hajatulaumu hadi leo, na tungependa angetulaumu.

Desemba 2025 vita vilipofika Uvira, maelfu walivuka kuingia Burundi, na baba yake akiwa miongoni mwao. Baadhi ya waumini walitufariji wakisema, mwaona, Mungu alimtanguliza kijana, shamba lingepotea tu. Tunawashukuru kwa upendo wao, lakini faraja hiyo hatuipokei. Mungu anaweza kutengeneza jema kutoka katika uongo wetu. Hiyo ni kazi yake. Uongo unabaki wetu.

Mwezi uliopita mdogo wetu alipiga simu kutoka Burundi. Aliuliza kule kwetu kukoje, na kama aje. Safari hii tulimhesabia yote: vyumba viwili, turubai lililochakaa, watu tulio ndani, kilo tunazopata na siku zinazotosha. Mama mchungaji alichukua simu akaongeza tuliyoyasahau, hata deni la likelemba la mwaka ule. Upande wa pili palikuwa kimya muda mrefu, tukadhani pesa za simu zimekwisha. Kisha akauliza kama kuna nafasi ya kutandika mkeka mmoja.

Tulimwambia ipo.