Ulifikia kwa Nani?

Katika mazungumzo ya watu wa Pemba, mtu haendi mji, huenda kwa watu. Ukisema umetoka Mombasa, hutaulizwa kwanza kama umeiona ile ngome ya Mreno. Utaulizwa ulifikia kwa nani. Ukijibu kuwa ulifikia kwa fulani, mtoto wa fulani wa Mtambwe, safari yako imekwisha kueleweka, na mazungumzo yatahamia kwenye afya ya huyo fulani na wanawe. Lakini ukisema hukufikia kwa mtu, ulilala hoteli, ukazunguka mjini siku mbili ukarudi, wasikilizaji watanyamaza kidogo. Hawakulaumu. Wanatafuta mahali pa kuiweka safari ya namna hiyo, na hawapaoni.

Swali hilo niliulizwa mimi, barazani Wete, niliporudi kutoka Ulaya. Nilizunguka huko peke yangu kiasi cha wiki tatu, na sikuwa na jamaa, wala biashara, wala masomo, wala maradhi ya kutibiwa. Nilikwenda kutazama. Mzee mmoja ambaye namwita ami akasema: "Mwanangu, hiyo si safari. Huko ni kupita nyuma ya nyumba za watu ukachungulia madirishani." Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Hata hivyo neno lile halikuwa la mzaha tu. Je, mtu ana haki gani ya kuutazama mji ambao hana mtu ndani yake?

Wengi wa watu wa pwani yetu waliotutangulia kwenda Ulaya walikuwa na mlango wa kubisha hodi. Sayyid Barghash alikwenda Uingereza mwaka 1875 kama mgeni wa serikali. Amur bin Nasur, Mzanzibari, alikwenda Berlin katika miaka ya 1890 kusomesha Kiswahili, na aliyoyaona huko aliyaandika. Martin Kayamba, mzaliwa wa Unguja, alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika, kisha akatoa kitabu kidogo cha Kiswahili juu ya safari yao. Kila mmoja angeweza kumjibu ami yangu bila ya kusita.

Na ajabu ni kwamba kuwa na mwenyeji hakukumtosha hata mfalme. Barghash alionyeshwa London, akapelekwa na miji mingine ya Uingereza, akaona viwanda na majumba. Wakati huo huo ndugu yake wa baba mmoja, Bibi Salme, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 na kuolewa na mtu wa Hamburg, na sasa mjane mwenye watoto, alikwenda London kwa tamaa ya kuonana naye. Wakubwa wa Kiingereza wakamzuia, na ndugu hawakuonana. Yeye mwenyewe alikuja kuyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1886. Basi Sultani alionyeshwa kila kitu katika mji ule isipokuwa mtu wake mmoja aliyekuwamo. Mwenyeji hukufungulia mlango, lakini pia ndiye anayechagua upi ubaki umefungwa. Hapo mimi mpita njia nilikuwa na nafuu kidogo kuliko Barghash, kwani hakuna aliyejishughulisha kunificha kitu.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtalii ni mgeni aliyeifahamu vizuri methali hii akaifanyia hila: hukaa siku mbili, na alfajiri ya siku ya tatu yumo ndani ya treni. Lisbon siku mbili, Córdoba siku mbili, Paris siku mbili (na juu ya Paris sina la kusema, imekwisha kusemwa yote), na jembe hakulishika popote. Hula, hulala, hutazama, hulipa, huondoka. Yeye hujihisabu hana deni kwa kuwa amelipa. Nadhani hiyo ndiyo chuki ya ami yangu, na hapo namuunga mkono: fedha humaliza deni la kitanda na mkate, haimalizi deni la kuingia.

Lakini waliolishika jembe walipata nini? Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapwa mwaka 1903, alifanya kazi Berlin ya kuwasomesha Wajerumani lugha yetu. Mwaka 1904 alimuoa mwanamke wa huko. Mwaka uliofuata walisafiri kurudi kwao, na watawala wa Kijerumani wakawazuia kushuka pwani pamoja, ikabidi warejee Ulaya. Alifariki Berlin mwaka 1927. Huyu alipita siku ya tatu na zaidi ya miaka ishirini juu yake, na bado palikuwa na watu waliomuona mgeni wa kuvumiliwa. Kwa hiyo sikubali kwamba kukaa sana ndiko kunakompa mtu haki. Haki hiyo inatoka kwengine.

Nilianza kuipapasa Lisbon. Pale Belém, ukingoni mwa mto Tagus, pana mnara wa mawe uliojengwa mwaka 1960 kuwatukuza mabaharia wao, na chini yake imetandikwa ramani kubwa ya dunia kwa marumaru, yenye tarehe merikebu zao zilipofika. Watu huikanyaga, watoto hurukia bara hadi bara. Nami niliikanyaga pwani yetu kwa kiatu changu mwenyewe. Vasco da Gama, aliyepita bahari hii ya kwetu mwaka 1498, amelazwa ndani ya kanisa lililo ng'ambo ya njia. Sikuhisi hasira, kama nilivyotazamia. Nilihisi kwamba hawa walitutazama sana na hatukuwahi kuwatazama wao kwao. Kengeja bado tunacheza na ng'ombe kwa zumari, mchezo ambao husemwa tuliachiwa na Wareno, ng'ombe akiwa na kamba na wala hauawi uwanjani, na Wareno nao hawamuui uwanjani. Mgeni akija Kengeja kuutazama mchezo ule, anatazama mabaki ya kwao. Nilikuwa na haki angalau kama yake.

Tena yeye hupewa viza akishuka uwanja wa ndege, kwa kulipa. Mimi kabla ya kuondoka nilijaza fomu, nikatoa karatasi za benki, na fomu ile ina mahali pa kuandika jina la mtu aliyekualika, au ikiwa hakuna, jina la hoteli. Yaani serikali za Ulaya zinauliza swali lile lile la ami yangu, ila wao jibu la hoteli linawatosheleza.

Kule Lisbon nilipotea nikitafuta tramu namba 15. Bibi mmoja mwenye kikapu, tusiyefahamiana neno hata moja, alinishika mkono wa shati akaniongoza hadi kituoni, akasimama nami mpaka ilipofika, kisha akarudi alikotoka. Lile kundi la watalii lililokuwa likimfuata kiongozi wao mwenye mwavuli ulioinuliwa halikumhitaji bibi yule, na naye hakuliangalia mara mbili. Mimi nilimhitaji. Nadhani hapo ndipo uso wa mtazamaji unapogeuka ukawa uso wa mgeni: anapokuwa na haja, watu wakaiona. Anayesafiri peke yake hawezi kuuficha ujinga wake nyuma ya wenzake. Lazima aulize, na kuuliza ni kubisha hodi. Kwa kipimo hicho mtu wa peke yake ni afadhali kuliko kundi, ingawa simu zenye ramani zinamwondolea hata haja hiyo. Nimewaona wageni Chake Chake wakipita mbele ya baraza iliyojaa watu wenye kujua njia, nao wameinamia kioo.

Córdoba ilinipa taabu zaidi. Msikiti ule ulianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 8, una nguzo zaidi ya 800, na tangu mwaka 1236 ni kanisa. Wenyewe hukueleza kuwa kabla ya msikiti pia palikuwa na kanisa. Unakata tiketi. Mihirabu imezungushiwa chuma, nzuri mno kwa dhahabu na maandishi ya Qur'ani, na kusali kwa namna ya Kiislamu hairuhusiwi. Mwaka 2010 Waislamu waliotoka Austria walijaribu, wakagombana na walinzi, na wawili wakakamatwa. Nilisimama pale wakati wa Adhuhuri umeingia. Aya ninaisoma ukutani, na watu wananipita wakiipiga picha. Sikusali. Nilitoka, nikasali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja chumbani nilipopanga, kama msafiri.

Nilijiuliza kama ningewaruhusu wao kwetu. Kizimkazi, Unguja, pana msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na watu wanasali humo hadi leo. Mgeni huvua viatu, hujistiri, huingia, hutazama. Haruhusiwi kufanya ibada ya kwao, na sidhani kama kuna anayeiomba. Tofauti ninayoiona ni hii: Kizimkazi mwenye nyumba yumo ndani na anamtazama mgeni. Córdoba nilitazamwa na mlinzi tu, na kazi yake ilikuwa kuangalia nisiiname.

Kutazama kwa upande mmoja ndiko kunakoniogopesha. Mwaka 1896, Treptow, Berlin, zaidi ya watu 100 kutoka makoloni ya Wajerumani, wakiwamo wa Afrika ya Mashariki, waliwekwa katika maonyesho ili watazamwe. Mmoja wao, Kwelle Ndumbe wa Kameruni, alijinunulia darubini ndogo ya watu wa tamthilia, akawa anawatazama waliokuja kumtazama. Mwaka 2017 makumbusho ya Treptow ilifungua maonyesho juu ya watu wale. Nimekwenda kuyaona. Ami yangu hangemjua Ndumbe, lakini naamini angempenda.

Ndege ya kurudi niliipandia Brussels. Siku moja kabla yake nilichukua tramu namba 44 hadi Tervuren. Huko mwaka 1897 Mfalme Leopold wa Pili alileta Wakongo 267 na kuwakalisha katika vijiji vya maonyesho bustanini, watu wakamiminika kuwaangalia. Saba walikufa. Makaburi yao yako ubavuni mwa kanisa la mji, nje, kwenye kivuli, na sikukuta mtu mwengine pale. Jumba kubwa la makumbusho ya Kongo halipo mbali, na sikuingia, wakati ulikuwa umekwisha.

Sikujua nifanye nini. Sikuijua dini yao, wala miji yao, na sikuwa nimetumwa na jamaa zao. Lakini majina yameandikwa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Niliyasoma kwa sauti, moja moja, kwa matamshi ya Kiswahili, kwa kuwa sikuwa na mengine.