Baba Anapouziba Mlango wa Mwanawe



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linaloleta maneno katika nyumba nyingi za Kikristo, nalo ni msaada tunaowapa wazazi na ndugu zetu baada ya kufunga ndoa. Nitaanza na ndege. Usicheke, kwa maana Bwana wetu mwenyewe aliwaambia wasikilizaji wake wawatazame ndege.

Katika Bonde la Ufa, pande za Nakuru na Naivasha, yuko keremkerem mwenye paji jeupe, koo jekundu na mgongo wa kijani. Chakula chake ni nyuki na wadudu wengine warukao. Humdaka nyuki hewani, akatua tawini na kumpigiza mpaka sumu ya mwiba imtoke, ndipo ammeze. Keremkerem hajengi kiota mtini. Huchimba shimo katika ukingo wa udongo, lenye urefu wa mita moja hivi, na mashimo mengi huwa pamoja kama kijiji. Ndani ya kijiji hicho mna jamaa mbalimbali, na kila jamaa ina ndege 3 hadi 17: babu na nyanya, wana wao, na wajukuu. Kijana wa kiume akioa hubaki kwao. Wa kike huacha jamaa yake, akaenda kwa mume. Naona mmeanza kuwatambua.

Mtaalamu wa Marekani, Stephen Emlen wa Chuo Kikuu cha Cornell, pamoja na mwenzake Peter Wrege, waliwachunguza keremkerem hawa wa kwetu kwa miaka mingi, wakiwatia alama ili wamjue kila mmoja na ukoo wake. Waliona kwamba mara nyingi mume na mke hawalei peke yao. Kijana ambaye hajaoa, au ndugu ambaye kiota chake kimeharibika, huja kusaidia kuchimba, kulalia mayai na kuleta chakula. Tena hasaidii ovyo. Humtafuta aliye karibu naye zaidi kwa damu. Msaada huo ni wa lazima, maana mvua ikikosa kunyesha wadudu huadimika, na vifaranga wengi hufa kwa njaa wakiwa shimoni. Msaidizi mmoja tu akiongezeka, vifaranga wanaotoka wakiwa hai huongezeka karibu mara mbili.

Wengi wetu tulisoma kwa njia hiyo. Karo ililipwa na kaka mkubwa aliyechelewa kuoa, au na shangazi aliyeuza mbuzi wake. Kwa hiyo mume anayesema, “Sasa nina familia yangu, hao wengine wajitegemee,” hanifurahishi hata kidogo. Amri ya nne haina tarehe ya kwisha siku ya arusi. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Yesu aliwakemea vikali watu waliotumia sadaka ya hekaluni kuwa kisingizio cha kutowasaidia wazazi wao. Sidhani angemvumilia anayetumia ndoa kwa kazi hiyo hiyo.

Lakini habari ya keremkerem haijaisha. Mwaka wa 1992 Emlen na Wrege waliandika katika jarida la Nature jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Baadhi ya wasaidizi hawakuja kwa hiari yao. Kijana ameoa, amepata shimo lake, anamletea mkewe chakula ili atage. Basi baba yake huja. Hapigani naye, la. Humwamkia mwanawe, humwomba chakula kile alichomletea mkewe, humfukuza shimoni, au hutua mlangoni akauziba asipite. Kesho hurudi tena. Vijana wengi hatimaye huchoka, wakaacha kiota chao na kwenda kuwalisha wadogo zao kwa baba.

Kwa nini kijana akubali? Wataalamu hao walieleza kwamba kwa hesabu ya damu hapotezi sana, kwa sababu mdogo wake wa baba mmoja na mama mmoja yuko karibu naye sawa na mtoto wake mwenyewe. Mimi nilipoisikia hesabu hiyo niliuliza habari za mkewe. Vifaranga wale si damu yake. Aliacha jamaa yake akaja ugenini, na mwaka huo hatakuwa na kifaranga hata mmoja.

Dada yangu unayesoma ukurasa huu, huenda umekaa miaka sita katika nyumba ya kupanga huku msingi wa nyumba yenu umeota nyasi, kwa kuwa kila fedha za mawe zikipatikana simu inalia kutoka nyumbani. Mara ni paa la babake linavuja, mara ni karo ya mdogo wake wa mwisho, mara ni ng’ombe. Kila ombi ukilitazama peke yake ni la haki, na ndiyo sababu mumeo hawezi kulikataa. Naye hakuambii, anatuma kwa M-Pesa na kufuta ujumbe. Siku unapougundua unakuwa wewe mke mbaya asiyependa watu wa kwao.

Ndege hana sakramenti, hatuwezi kumlaumu. Sisi tumeambiwa tangu kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, kwamba mume ataacha wazazi wake na kuambatana na mkewe. Tazama kwamba anayeambiwa aache ni mwanamume, yule ambaye kwa desturi zetu nyingi habanduki kwao. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliyaweka mambo haya mawili pamoja: kwamba wazazi wasitupwe, na kwamba pasipo kuwaacha kwa namna inayofaa ndoa haiwi ndoa kwa ukamilifu. Kuacha si kusahau. Ni kubadilisha mahali ambapo neno la mwisho hukatwa.

Nanyi wazazi mliokwisha kuoza wana, someni habari za wakwe wawili katika Maandiko. Labani alimweka Yakobo miaka 20, akimbadilishia mshahara, na mwishowe Yakobo alitoroka na wake zake na watoto bila kuaga. Ragueli, katika kitabu cha Tobiti, alikuwa na binti mmoja tu, Sara, naye alitamani Tobia abaki kwake. Alimwomba abaki. Lakini Tobia aliposisitiza kwamba baba yake anamngoja, Ragueli hakuziba mlango. Aliwapa nusu ya mali yake, akawabariki, akamwagiza binti yake awaheshimu wakwe zake kama wazazi. Tobia aliondoka akimshukuru Mungu, na kitabu hicho chasema kwamba baadaye, wazazi wake walipokwisha kufa, alirudi kwa wakwe zake na kuwatunza katika uzee wao. Labani naye alimfuatia mkwewe njiani kwa siku saba, na walipoachana waliweka rundo la mawe kuwa mpaka kati yao.

Sasa mfanyeje? Kaeni wawili kabla mshahara haujaingia, au kabla mahindi hayajauzwa, mkubaliane ni kiasi gani kitakwenda kwa wazazi wa pande zote mbili. Nasema pande zote mbili, maana mama yake mke pia alizaa kwa uchungu. Kiwe kiasi kidogo lakini cha hakika, kiende kila mwezi bila kuombwa. Mzazi anayejua kwamba tarehe tano atapata kitu hatapiga simu tarehe ishirini kwa hofu. Ugonjwa na kifo havina bajeti, hayo yakija mtaamua upya, lakini mtaamua wawili. Kuhusu kumlea mdogo wa mume au wa mke nyumbani mwenu, semeni mapema atakaa mpaka lini, tena mbele yake mwenyewe, ili asije akageuka kuwa hirizi ya ugomvi.

Halafu kuna kazi ya kwenda kuwaeleza wazazi. Hiyo ni yako, bwana, wala usimtume mkeo, wala usiseme, “Mama fulani amekataa.” Nenda mwenyewe na kilo mbili za sukari, ukae chini, useme “tumeamua.” Wewe ni mtoto wao. Wakikukasirikia leo, Krismasi watakuchinjia kuku. Mkeo wakimkasirikia kwa neno hilo, watamkumbusha hata siku ya matanga.